Kulala Mbudya kwa kayaki: mwongozo kamili kuanzia kuchagua siku hadi kurudi Kunduchi

Ukisimama asubuhi ufukweni Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kisiwa cha Mbudya kinaonekana karibu mno: msitu wa kijani, ukanda wa mchanga mweupe, na maji yaliyotulia katikati. Umbali ni kama kilomita 3 tu. Kwa kayaki iliyobeba hema, maji na chakula, mtu wa nguvu za kawaida huvuka kwa dakika 45 hadi saa nzima.

Ukaribu huo ndio unaowafanya watu waidharau safari. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na upepo unaoanza kama kipepeo saa 3 asubuhi unaweza kuifanya njia ileile kuwa vita ya saa mbili ifikapo saa 8 mchana. Anayevuka salama ni yule aliyechagua siku na saa, hata kama mikono yake si ya mvuvi. Kwa hiyo tunaanza na mwezi. Kayaki itafuata.

Kwa nini Mbudya na si kisiwa kingine

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, yaani yaliyohifadhiwa kisheria, tangu 1975, na leo yanasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Pangavini imezungukwa na miamba mikali iliyoliwa na maji kwa chini, na pa kuvutia kayaki hakuna pa maana. Fungu Yasini ni fungu la mchanga, si mahali pa kulala mtu. Bongoyo, mbele ya rasi ya Msasani, ni nzuri kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sinda, upande wa Kigamboni, imekaa wazi kwa kusi, upepo wa kutoka kusini, na safari yake inakusogeza karibu na njia za meli zinazoingia bandarini; iache mpaka uwe na uzoefu.

Mbudya ina ufukwe wa mchanga unaotazama bara, ina askari wa hifadhi, ina mibuyu ya kale, na watu wamezoea kupiga kambi pale kwa ruhusa. Kwa safari ya kwanza ya kulala, mimi simshauri mtu kwenda kwingine.

Chagua siku kwa kutazama mwezi

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Wiki moja baadaye yanakuwa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo na mkondo unalegea.

Jambo la kukariri kwa Dar ni hili: siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Ukiondoka Kunduchi saa 1 asubuhi siku ya bamvua, maji yanakukimbia. Utafika Mbudya yakiwa yamekauka, na utaburuta kayaki yenye kilo 40 za mzigo juu ya miamba na matope ya mwani. Usiku nao unakuja na hatari yake: maji yanajaa kabisa saa 10 alfajiri, wakati wote mmelala, na hema lililofungwa jioni mahali palipoonekana pakavu linaamka likiwa baharini.

Sasa sogea siku tano hivi mbele, baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji yatajaa kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Unaondoka saa 1 na nusu maji yakiwa yanapanda, unashusha kayaki hatua chache kutoka gari, na unafika Mbudya maji yakiwa karibu na mchanga mkavu. Bamvua imeshapita, kwa hiyo mkondo ni mpole. Jioni maji yatajaa tena karibu saa 3 usiku, na mtayaona yanapofikia kwa macho yenu kabla hamjalala. Kesho yake yanajaa saa moja hivi baadaye, nanyi mnarudi asubuhi mkisaidiwa vilevile.

Kati ya nafasi hizo mbili za mwezi, mimi napenda ile ya baada ya mwezi mwandamo. Mwezi mchanga wa siku tano unakuwepo angani magharibi tangu jua linapozama hadi karibu saa 4 usiku, hivyo mnapika na kula kwa mwanga wake. Ile ya baada ya mwezi mpevu inawaacha gizani mpaka usiku umekwenda.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu tayari anayo hesabu hii mkononi. Wavuvi wa Kunduchi nao wanaijua kuliko kitabu chochote: waulize tu, "Jumamosi hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Kisha linganisha jibu lao na jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, kwa sababu saa halisi huachana kidogo na hesabu ya kichwani. Visipolingana kwa zaidi ya nusu saa, rudia hesabu kabla hujafanya jambo lingine.

Msimu na upepo

Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Katikati yake kuna vipindi vya upepo mwepesi, na kizuri kuliko vyote ni Oktoba na Novemba, ingawa mvua za vuli zinaweza kuingia. Machi nayo ina siku za bahari tulivu kabla masika hayajashika. Juni, Julai na Agosti niweke wazi: asubuhi moja inaweza kuwa kioo, lakini hakuna uhakika kwamba kesho yake itakuwa hivyo, nawe unahitaji asubuhi mbili mfululizo.

Tazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku tatu kabla, siku moja kabla, na alfajiri ya kuondoka. Wakitoa angalizo au tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wa pwani ya kaskazini, safari imeahirishwa; hapo hapana mjadala. Hata bila tahadhari, jiwekee mpaka wako. Kwa kundi la wanaoanza, upepo wa kilomita 15 kwa saa ni mwisho. Ukifika kilomita 20 bahari inaanza kuota povu jeupe juu ya mawimbi, na povu hilo ndilo kipimo cha jicho: ukiliona mojamoja kwa mbali, fikiri mara mbili, ukiliona kila unapotupa macho, usishushe kayaki.

Upepo wa kutoka bara unahitaji neno lake peke yake. Alfajiri, hasa msimu wa kusi, upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ufukweni hausikiki, maji yamelala. Ukisogea nusu kilomita unaanza kukusukuma, na unakusukuma kuelekea bahari kuu. Tupa mchanga mkavu hewani uone unaangukia wapi, tazama bendera za mahoteli, tazama moshi. Ukiwa mkali kiasi cha kunyoosha bendera, subiri.

Ruhusa

Kuingia Mbudya kuna ada, na kulala kuna ada yake. Mtanzania, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Wasiliana na Kitengo cha Hifadhi za Bahari wiki moja kabla, eleza kwamba mnakwenda kwa kayaki na mnalala usiku mmoja, taja idadi yenu, mpewe namba ya malipo ya serikali, na mtembee na risiti. Uliza pia habari za vyoo na sehemu wanayotaka mpige hema. Mkifika, mtafuteni askari kabla ya kufungua mzigo wowote. Yeye ndiye jirani yenu pekee usiku huo, na akijua mpo watu wangapi atajua pia kama kuna mmoja hayupo.

Kayaki, jaketi na mazoezi

Kayaki ya kukalia juu ndiyo inayowafaa wengi hapa. Ikipinduka haijai maji, unaigeuza na kupanda tena. Kayaki ya kuingia ndani ina kasi zaidi na inaficha mzigo vizuri, ila inataka mtu aliyefundishwa kutoka akiwa kichwa chini na kufua maji yaliyoingia ndani. Kama unakodi, ikague tangu omo (mbele) hadi tezi (nyuma): bonyeza chini utafute nyufa, hakikisha vizibo vinakaza, itikise usikie kama kuna maji ndani. Kafi lifungwe kwa kamba fupi kwenye kayaki. Kuwe na kafi moja la akiba kwa kila kundi.

Jaketi okozi linavaliwa na kufungwa muda wote mkiwa majini. Jaketi lililobanwa chini ya kamba za mzigo halitamfikia mtu aliyeanguka, kwa sababu kayaki inakwenda na upepo kuliko anavyoogelea.

Wiki moja kabla, nendeni wote kwenye maji ya kifuani, mpindue kayaki makusudi na kupanda tena. Rudieni mpaka kila mmoja amepanda bila kushikwa. Kisha fanyeni hivyohivyo kayaki ikiwa na mzigo, kwa sababu uzito hubadilisha kila kitu. Anayeshindwa aende kwa boti safari hii na mzigo wake, akutane na wenzake kisiwani. Kulala Mbudya ni kulekule kwa aliyefika kwa kafi na aliyefika kwa injini.

Msiende chini ya watu watatu. Na kwa safari ya kwanza, lipeni boti ya kuwasindikiza. Ongeeni na nahodha mmoja pale Kunduchi, mkubaliane bei ya kuvuka nanyi asubuhi, na bei nyingine ya kuja kuwachukua kesho yake iwapo bahari itachafuka. Chukueni namba yake na ya msaidizi wake. Fedha hiyo inauma, lakini ndiyo inayowapa uhuru wa kusema "hatuvuki" bila kulazimishwa na foleni za kazini Jumatatu.

Mzigo

Kisiwa hakina maji matamu. Bebeni lita 8 kwa kila mtu kwa siku mbili na usiku mmoja, katika vyombo vya lita 5 na vya lita 1.5, si dumu moja kubwa, likitoboka mmeisha. Maji ndiyo mzigo mzito kuliko wote, kwa hiyo yakae chini katikati ya kayaki. Vyepesi viende omo na tezi. Mzigo wa juu usizidi usawa wa kiuno chako ukiwa umekaa, la sivyo upepo utaugeuza kuwa tanga.

Kila kinachoogopa maji kiingie kwenye mfuko usiopitisha maji: nguo za kulalia, shuka, simu, pawabenki, kiberiti, dawa. Kabla ya kuamini mfuko, uzamishe kwenye ndoo nyumbani ukiwa na gazeti ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tafuteni viroba au mifuko ya kitambaa ya kurudishia taka.

Hema liwe na chandarua kisicho na tundu. Bebeni tochi ya kichwani kwa kila mtu na betri za akiba, filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, kisu, kamba mita 20, shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kidevuni, na viatu vya kufunika vidole vyenye soli ngumu. Viatu hivyo si anasa. Miamba ya Mbudya ina viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na wapo samaki wenye sumu wanaojifananisha na jiwe. Aliyechomwa na samaki wa namna hiyo atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia, huku boti ikiitwa kumpeleka hospitali. Kwa sababu hiyo pekee, jiko dogo la gesi lina nafasi yake. Msikate wala kuokota kuni kisiwani.

Chakula kisiwe kazi. Asubuhi ya safari, chapati na mayai ya kuchemsha. Mchana mara nyingi kuna watu wanaochoma samaki na kukaanga chipsi kwa ajili ya wageni wa siku, hasa wikendi, ila msitegemee. Usiku, ugali na dagaa wakavu wa kukaanga na nyanya na kitunguu: hawahitaji barafu, ni wepesi, na vinapikwa kwa sufuria mbili. Wali uliopikwa nyumbani asubuhi haufai kuliwa usiku katika joto la Dar. Tende na karanga zikae mfukoni mwa jaketi.

Kuvuka

Usiku wa kuamkia safari, mtumie mtu wa nchi kavu ujumbe wenye majina, idadi na rangi za kayaki, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na saa ya kurudi kesho. Mwambie afanye nini usipopiga simu: kwanza ampigie nahodha, halafu 112.

Ufukwe wa Kunduchi umeliwa sana na bahari, na baadhi ya mahoteli yamejenga kuta za mawe zinazoingia majini. Ombeni ruhusa ya kushushia mahali penye mchanga mtupu, mbali na kuta hizo, kwa sababu wimbi dogo la pembeni linatosha kuigonganisha kayaki na jiwe. Ingieni mmoja mmoja, wa kwanza akiwa mwenye uzoefu, wa mwisho pia.

Ukishatoka, usilenge ufukwe unaokwenda. Lenga upande wa joshi, yaani ule upepo unakotoka, kwa kadiri unavyosukumwa. Utajuaje unavyosukumwa? Chagua vitu viwili kisiwani vilivyo mbele na nyuma ya kingine, kwa mfano banda la ufukweni na mti mrefu nyuma yake. Vikibaki kwenye mstari mmoja, unakwenda moja kwa moja. Mti ukianza kuhamia kulia kwa banda, unasukumwa kulia kwako; ukihamia kushoto, unasukumwa kushoto. Geuza omo mpaka virudi mstarini. Tazama alama hizo kila baada ya dakika chache.

Kaeni karibu kiasi cha kusikilizana bila kupaza sauti. Mwendo ni wa aliye taratibu kuliko wote, naye ndiye awe mbele. Boti za uvuvi na za wageni zinapita hapo, na nahodha aliyetazamana na jua la asubuhi hamuoni mtu aliyekaa usawa wa maji. Msidhani mmeonekana. Jikusanyeni, inueni makafi juu, mpeni nafasi apite. Msizunguke upande wa nje wa kisiwa unaotazama bahari kuu, hata kama maji yanavutia.

Katikati ya njia, simameni mjiulize swali moja: tukigeuza sasa, tutafika Kunduchi kwa urahisi? Jibu likiwa "sijui" kutoka kwa mmoja wenu, rudini wote.

Kambi

Vuteni kayaki juu ya mstari wa mwani mkavu, ambao unaonyesha maji ya bamvua yalipofikia, mzigeuze chini juu na kuzifunga kwenye kitu kisichong'oka. Hema nalo liwe juu ya mstari huo, na msilale chini ya tawi kavu. Pigeni simu nchi kavu.

Jua likizama giza halichelewi. Ndani ya nusu saa hamuoni kamba za hema. Pikeni mapema. Na usiku ndipo wenyeji wa kweli hutoka. Mbudya ina kaa wa nazi, wanyama wa jamii ya kaa wanaoishi nchi kavu na wanaopanda miti, wakubwa kuliko wenzao wote wa nchi kavu duniani. Hunusa chakula kwa mbali na hubeba sufuria, kiatu, chochote kinachonukia. Makucha yao yanaweza kuvunja kidole. Waangalieni kwa tochi mkiwa mbali, msiwashike, msiwalishe, na hakika msiwapike. Wanakua polepole mno na wamemalizwa sehemu nyingi kwa sababu ya nyama yao. Vyakula vyote vifungwe ndani ya kayaki yenye kizibo au vitundikwe, visilale hemani. Vilevile kuvua, kuokota kombe na kuvunja matumbawe ni marufuku katika eneo tengefu, hata kombe tupu ulilolikuta mchangani.

Zimeni redio. Ng'ambo mtaona taa za jiji zima kutoka Msasani hadi Mbweni, na hapo mlipo mtasikia maji tu. Watu wengi wa Dar hawajawahi kuuona mji wao hivyo, na ningetamani kila mmoja wao auone.

Kurudi

Amkeni saa 11 na nusu. Chai, hema, taka zote pamoja na zile mlizozikuta, halafu mtazame bahari kwa dakika kumi bila kushika kitu. Tumieni vipimo vilevile vya jana: bendera, povu, mchanga. Uchovu wa usiku hauhesabiki kama sababu ya kuharakisha wala ya kulegeza mpaka wa upepo.

Bahari ikifaa, ondokeni saa 1 na nusu hadi saa 2 maji yakiwa yanapanda. Msingoje mchana eti mfaidi ufukwe. Upepo wa alasiri ndio unaoharibu safari nyingi zilizoanza vizuri. Isipofaa, mpigie nahodha mapema kabla hajapata abiria wengine, pakieni kayaki kwenye boti yake, na mlipe mlichokubaliana bila kuvutana.

Kunduchi, mtu wa nchi kavu apigiwe kabla ya kupakia gari. Risiti ya hifadhi itunzwe mpaka mmevuka geti la mwisho. Nyumbani, osha kayaki, jaketi, zipu za hema na vizibo kwa maji matamu siku hiyohiyo, uvianike kivulini. Zipu iliyolala na chumvi usiku mmoja hukaza, na wiki mbili baadaye hukatika.